Viza ya Matembezi Si Cheti cha Masomo



Mwezi huu sitazungumza juu ya ugomvi wa mume na mke, wala juu ya pombe. Nitazungumza juu ya kashe. Ndiyo, ile kashe ndogo wanayopiga ndani ya pasipoti mpakani. Wengi wenu mnauza dhahabu ili mtoto akasome inchi ya kando. Nimeona jasho la miaka mitatu likipotea kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa ndani ya kashe, na hakuna aliyeyasoma. Mimi mwenyewe sikuyasoma. Njo maana ninaandika.

Kuna mama mmoja wa Kamituga, sitataja jina lake. Ni mama twangeuse, ni kusema anatwanga mawe ya dhahabu toka asubuhi mpaka jioni, kinu mbele yake na vumbi kifuani. Mume wake alikufa. Mwaka 2022 binti yake alipata diplome d'État, asilimia 63. Mama akapanda lori, akateremka mpaka Bukavu, akakuja kwangu.

Akasema: "Pasta, mutoto ameshinda! Banasema kule Kampala masomo ya uuguzi iko muzuri, tena atajua Kingereza. Lakini mambo ya makaratasi minaogopa. Tufanye namna gani?"

Mimi nikamjibu kama mtu anayejua. Nikasema: "Mama, usiogope. Aende na viza ya matembezi. Akifika kule, shule itapanga ingine."

Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilisikia tu watu wakisema, na mchungaji akiulizwa anaona haya kusema "sijui". Hiyo ni dhambi ndogo ya kazi yetu, na inazaa matunda makubwa.

Komisioneri mmoja akamjazia fomu, akapokea pesa yake, na mahali pa kuandika sababu ya safari akaandika: matembezi. Viza ya Uganda wakati ule ilikuwa dola 50. Katika Septemba binti akavuka Ruzizi, akapanda gari Kamembe, akapita Kigali na mpaka wa Gatuna, ambao Rwanda ilikuwa imeufungua tena mwisho wa Januari mwaka ule ule. Akafika Kampala, akaingia darasani. Tukamshukuru Mungu.

Katika Desemba simu ikalia usiku. "Pasta, banakatala niandikwe kwa mutihani. Banasema niko mugeni wa kutembea, haiko mwanafunzi. Na siku zangu zimeisha."

Shule ilidai cheti cha mwanafunzi. Ofisi ya uhamiaji ikasema: wewe uliomba kuja kutembea, na siku zako zimepita, lipa amendi kwanza. Mama akaazima pesa kwa negosia anayenunua dhahabu yake. Binti akarudi nyumbani bila mtihani, bila minervali aliyolipa, na mama akabaki na deni. Kwa mtu anayetwanga mawe, deni la namna ile si jambo la mwezi mmoja.

Sasa tutafute kosa lilikuwa wapi. Ofisi ya Uganda haikuvunja sheria yake, na shule haikuiba. Sisi tulichanganya mambo matatu ambayo kashe moja inayabeba.

La kwanza ni malipo: unalipa ngapi ili uingie, au unaingia bure. La pili ni siku: unaweza kukaa muda gani. La tatu ni shabaha: umekuja kufanya nini. Mambo haya matatu hayatembei pamoja kila mara. Malipo yanaweza kushuka mpaka sifuri, lakini shabaha ikabaki ile ile. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali nazo zinafanya vivyo hivyo. Mgeni anapokelewa kwa siku zake. Akitaka kubaki alime, au afanye kazi, au asome, inampasa kuwa na jembe lake, na jembe hilo ni cheti kingine.

Ninasisitiza juu ya hili kwa sababu tangu 2022 malipo yamebadilika sana upande wetu, na habari njema imeleta hatari mpya. Vijana wanasema: "Viza imeisha, twende tu." Tuangalie kilichobadilika kweli.

Wazee wetu walikuwa na CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Inchi za Maziwa Makuu, iliyozaliwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi. Kwa karatasi za CEPGL watu wa Bukavu walizoea kuvuka bila viza. Njo kisa hata leo mtu wa hapa akisikia neno "viza" kwa ajili ya Kamembe, anashangaa, maana Kamembe kwake ni kama kartiye ingine ya mji. Mama anavuka na jetoni asubuhi, ananunua nyanya, anarudi jioni. Lakini jetoni ni ya kwenda na kurudi. Haikufanyi kuwa mkaaji, wala mwanafunzi. Katika miaka iliyopita wanafunzi wanaovuka kila asubuhi kwenda shule, wao kuja kwetu na wetu kwenda kwao, waliwahi kuombwa kulipia karatasi ya kukaa, na wazazi wakalalamika pande zote mbili. Walidhani kuvuka na kusoma ni jambo moja.

Kiisha Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakuu wa inchi walitupokea tarehe 29 Machi 2022, mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili, na katika Julai mwaka ule Kongo ikaweka hati yake ya kukubali mkataba. Wengi wakafikiri siku ile mipaka yote imefunguka. Hapana. Binti yetu alivuka Septemba 2022, Kongo ikiwa tayari ndani ya Jumuiya, na bado alilipa dola 50. Kuingia katika Jumuiya ni kama kuingia katika ukoo kwa ndoa: umeshakuwa mkwe, lakini kila nyumba utapiga hodi kwa wakati wake.

Nyumba zikaanza kufunguka moja moja. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 Kongo iliacha kuwadai Wakenya viza. Mwanzo wa 2024 Uganda ikaondoa malipo ya viza kwa Wakongomani. Kenya nayo, ilipoondoa viza kwa watu wote katika Januari 2024 na kuweka ruhusa ya safari inayoombwa kwa njia ya intaneti, ilisema watu wa inchi za Jumuiya hawatalazimika kuiomba. Haya ni mambo ya kushukuru. Dola 50 ni pesa, na mama anayetwanga mawe anajua ni vinu vingapi.

Lakini angalieni Jumuiya yenyewe inasema nini juu ya masomo. Inchi hizi zina mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndani yake mwananchi wa inchi moja akiingia inchi ingine anapewa ruhusa ya kukaa mpaka miezi sita. Hiyo ni ya mgeni. Mwanafunzi amewekwa mahali pake, peke yake: anaomba cheti cha mwanafunzi, akionyesha karatasi yake ya safari na barua ya shule iliyompokea. Cheti kile ni cha mpaka mwaka mmoja, na kinarudishwa upya kila mwaka mpaka masomo yaishe.

Mumeona? Hata pale wanapotuita ndugu, hata pale mlango unapofunguliwa bure, mgeni na mwanafunzi hawakai kwenye kiti kimoja. Viza ya matembezi iliondoka, lakini cheti cha masomo hakikuondoka. Angekuwa leo, binti yule asingelipa dola 50 mpakani, lakini mtihani angekataliwa vile vile.

Tuangalie mbali kidogo, maana kuna PDG wa mashimo wanaotafuta Ulaya na Amerika kwa ajili ya watoto wao. Kule malipo hayashuki, yanapanda. Viza fupi ya Schengen, ambayo ndiyo wengi wanaiomba kwa kwenda Ubelgiji na Ufaransa, ilitoka euro 80 ikafika euro 90 tarehe 11 Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 mpaka 11 alitoka 40 akafika 45. Viza ile inampa mtu siku 90 ndani ya siku 180. Haitoshi kwa mwaka wa shule. Anayekwenda kusoma anaomba viza ya muda mrefu tangu nyumbani, kabla ya kupanda ndege.

Marekani, viza ya mgeni ilitoka dola 160 ikafika 185 tarehe 17 Juni 2023, na viza ya mwanafunzi vilevile. Wakikukatalia, pesa ile hairudi. Na kule sheria ni kali: aliyeingia kama mgeni wa kutembea haruhusiwi kuanza masomo ya kupata diplome mpaka kwanza abadilishiwe cheo chake na serikali. Uingereza, viza ya mgeni ya miezi sita ilikuwa pauni 115, ikawa 127 katika Aprili 2025. Mgeni anaweza kusoma masomo mafupi ndani ya miezi ile sita, katika shule iliyokubaliwa, lakini mwanafunzi wa kweli anaomba viza yake, ambayo katika mwezi ule ule ilifika pauni 524. Kanada nayo inamruhusu mgeni kufuata masomo yasiyopita miezi sita bila cheti cha masomo. Yakipita hapo, cheti kinadaiwa.

Kwa hiyo kila inchi ina mpaka wake kati ya matembezi na masomo. Moja inaweka mpaka kwenye miezi sita, ingine inaukaza zaidi. Hakuna inayosema: ingia tu, mengine tutapanga. Maneno yale yanatoka kwa komisioneri, na kwa wachungaji wasiojua.

Sasa mtu atauliza: tufanye nini? Nimezunguka kuuliza, safari hii bila haya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, barua ya shule itangulie viza, na viza itangulie safari. Mtoto aandike kwa shule akiwa bado nyumbani, apate barua ya kupokelewa yenye jina lake lililoandikwa sawasawa na pasipoti. Nimeona dosye iliyokaa miezi kwa sababu ya herufi moja: kwenye diplome iliandikwa L, kwenye pasipoti R. Kwetu Wabashi L na R ni ndugu. Kwa mtu wa ofisi ni watu wawili.

Pili, diplome d'État haisomwi kule kwa macho tu. Uganda, Kenya na Tanzania zina mpango wa masomo wa Kiingereza. Lazima diplome na buletini zitafsiriwe kwa Kiingereza, kiisha ofisi yao ya mitihani au ya masomo ya juu izilinganishe na za kwao. Kazi hiyo ina malipo yake na majuma yake. Hesabuni yote mawili kabla.

Tatu, pasipoti. Mwaka 2015 pasipoti yetu iliwekwa dola 185, na ikajulikana baadaye kwamba dola 65 tu ndizo zilikuwa zinaingia kwa serikali. Mwaka 2020 ikashuka mpaka dola 99, na pasipoti mpya ya 2025 ikatangazwa kwa dola 75. Nawaambia haya ili mjue kwamba bei iliyotangazwa ni moja na bei ya komisioneri ni ingine. Ulizeni bei ya serikali kwanza, kiisha daini risiti. Mahali ambapo hakuna risiti, mjue kwamba pesa inayodaiwa haina baba.

Nne, mahali pa kuandika sababu ya safari, andikeni kweli. Komisioneri atasema, "Weka matembezi, njo mwepesi." Ni mwepesi kwake, maana yeye hatakuwa Kampala katika Desemba. Aliyetia sahihi ndiye atakayejibu. Mtoto mwenyewe asome fomu yake neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, hata kama komisioneri anakunja uso.

Tano, andikeni tarehe ya mwisho ya kashe kwenye ukuta wa nyumba, kama vile mnavyoandika siku ya deni. Miezi miwili kabla ya kuisha, mtoto aanze kuomba upya. Amendi ya kupitisha siku inakua kila siku, nayo hailali.

Sita, habari ya mwaka jana si habari ya leo. Mumeona namna bei zilivyobadilika ndani ya miaka michache. Mtoto anayejua simu afungue ukurasa wa serikali ya inchi ile wenyewe, au muulize ubalozi wake. Msikubali habari ya WhatsApp isiyo na tarehe.

Na neno moja zaidi, kwa mapendo. Kabla ya kumtuma mtoto mbali, mjiulize kama masomo yale hayapo hapa. Bukavu ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika, ambacho wengi wanakiita UEA, tangu 1991, kuna Chuo Kikuu cha Serikali, kuna ISP, na kuna ISTM kwa masomo ya afya. Sikatai kwamba hali imekuwa ngumu. Tangu vita iliingia mji wetu katika Februari 2025 wazazi wengi wana sababu kubwa ya kuwatoa watoto, na sitamhukumu mzazi anayemtafutia mtoto usalama. Lakini mtoto anayekimbia hatari anahitaji karatasi safi kuliko mwingine yeyote, maana hana mlango wa kurudia kwa wepesi.

Bwana wetu alizungumza habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, namna anavyopaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Ninyi wachimbaji mnalijua neno hili kuliko mimi. Hakuna anayeteremka shimoni bila kuuliza: miti iko? Taa iko? Hewa iko? Hakuna anayesema, "Tuteremke, miti tutaitafuta chini." Mbona basi tunamteremsha mtoto ndani ya inchi ya watu bila miti?

Mwisho wa habari yangu. Katika mwaka 2023 nilipanda mpaka Kamituga, kilometa 180 hivi, na mvua ilikuwa imekata barabara mahali pengi. Nilimkuta mama kwenye kinu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri. Yote yakapotea, nikasema tu: "Mama, nilikudanganya bila kujua, lakini nilikudanganya. Unisamehe."

Akapiga kinu mara mbili tatu, akanyamaza. Kiisha akasema: "Pasta, mi nilijua we haujui. Niliona kwa macho yako. Lakini nilitaka mutu aniambie ndiyo."

Ndugu zangu, neno lile halijatoka moyoni mwangu. Hatukudanganywa na komisioneri peke yake. Tulitaka kudanganywa, maana uongo ulikuwa wa haraka na kweli ilikuwa na foleni.

Kanisa letu lilichangia sehemu ya deni, na mimi nilitoa sehemu yangu. Katika 2024 binti alirudi Kampala: barua ya shule kwanza, diplome iliyotafsiriwa na kulinganishwa, kiisha cheti cha mwanafunzi. Safari hii mpakani hakulipa viza. Alipoteza karibu miaka miwili. Mama bado anatwanga. Akinipigia simu anauliza jambo moja tu: "Cheti kinaisha tarehe gani?" Nami ninayo, nimeiandika ukutani kwangu, kando ya kalenda ya kanisa.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Mtoto wetu anayesoma mbali, kashe yake inasema ni mgeni au mwanafunzi? Inaisha siku gani?

2. Nani alitupa habari tuliyo nayo juu ya viza? Alitupa na tarehe?

3. Kama mambo yakiharibika katikati ya mwaka, pesa ya kumrudisha mtoto iko wapi?

4. Je, tunaweza kuvumilia mtu anayetuambia "sijui", au tunamkimbilia yule anayesema "ndiyo" haraka?

Mubaki na amani, na Mungu awalinde shimoni na njiani.

Mchungaji wenu, Nyalukemba